Plaiwudi Ndani ya Sufuria

Nguzo ya kushoto ya mkahawa wa mama ilianza kufa kutoka ndani. Kwa nje, ukiipita ukiwa na haraka zako, ungesema imechubuka tu. Lori lililokuwa likirudi nyuma kutafuta kivuli liliigonga kiunoni. Dereva akashuka, akaitazama, akampa mama pole, akanywa chai yake akaondoka. Mama akapaka chokaa juu ya ule mchubuko kama mtu anayempaka mtoto mafuta kwenye goti. Mvua za mwaka huo zikanyesha, na za mwaka uliofuata, halafu asubuhi moja kipande kikubwa kama kiatu kikaanguka chenyewe, bila kuguswa na mtu, karibu na miguu ya mteja aliyekuwa akila maandazi. Ndani tukaona vyuma vimevimba kwa kutu, vyekundu kama nyama.

Hiyo ilikuwa Busia, upande wetu, katika miaka ya sabini, wakati mpaka ulipokuwa ukifungwa na kufunguliwa bila mtu kutueleza sababu. Ukifungwa, malori yalijipanga mbele ya mkahawa na mama hakupata hata nafasi ya kukaa. Ukifunguliwa, sukari na sabuni zilivuka ng'ambo, nasi tukabaki na vumbi. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na nikifundisha bila cheti katika shule moja ya msingi huko Matayos. Kila Ijumaa jioni nilirudi nyumbani kwa baiskeli, nina chaki kwenye nywele na vitabu vya kuazima mfukoni. Nilikuwa na umri ule ambao mtu hupenda vitu kupita kiasi: harufu ya lami baada ya mvua, sauti za madereva wakigombana kwa lugha tatu, mvuke wa birika la mama ukipanda asubuhi na kujipangusa kwenye dari la veranda.

Veranda hiyo ndiyo iliyokuwa mkahawa. Ndani kulikuwa na jiko na stoo tu, giza na moshi. Watu walikaa nje, kwenye mabenchi, chini ya paa bapa la zege lililobebwa na nguzo mbili. Mama alikuwa ameanza na jiko la makaa kando ya barabara, mvua ikimnyeshea yeye na chapati zake. Alipopata ile veranda aliacha kutazama mawingu. Aliniambia hivyo mwenyewe: "Tangu niingie hapa, sijui hata mvua inatoka upande gani."

Basi alipokuja inspekta wa majengo, kijana mwembamba mwenye viatu safi, akainama akachungulia ule uwazi kwenye nguzo, mama alisimama akiwa ameshika bilauri mikononi, hajui aziweke wapi.

"Hii ni hatari," inspekta akasema. "Itengenezwe, ama ibomolewe. Nikirudi mwisho wa mwezi nataka kuona nguzo. Sitaki kuona bandeji."

Mwenye jengo alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, lililopakana na mkahawa. Alikuwa mzee Mwislamu, mpole, ambaye kila mtu alimwita Haji. Aliuza simiti, misumari na mabati, na alisema Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote. Inspekta alipokwisha kuondoka, akamjia mama.

"Mama, mimi sina moyo wa kumfukuza mtu. Lete fundi, jaribu. Lakini akishindwa, nitaibomoa veranda yote nijenge stoo ya simiti hapa. Nguzo moja sitaijenga mara mbili."

"Hatashindwa," mama akasema.

Alisema hivyo kabla hata ya kumpata huyo fundi.

*

Fundi alitoka Adungosi, kwa baiskeli, mfuko wa vifaa ukining'inia kwenye usukani. Alikuwa mtu mrefu wa kabila la Wateso, mpiga mluzi, mwenye maneno mengi, na mikono yake ilikuwa na haraka lakini si ovyo. Kwanza alisimamisha miti ya mikaratusi chini ya paa kuzunguka nguzo mbovu, akaikaza kwa kabari, ili miti ibebe uzito wakati nguzo ikitibiwa. Kisha akaanza kubomoa. Alichokonoa zege lote lililooza, kutoka chini mpaka usawa wa kifua, akakwangua kutu kwenye vyuma hadi vikang'aa. Wateja walikunywa chai wakiwa wamejipenyeza kati ya miti ile, kama mbuzi waliokimbilia kichakani.

Siku ya pili alimwita mama aje aone. Nilikuwapo, ilikuwa Jumamosi.

"Mama, kwanza usimlaumu dereva peke yake. Tazama hapa." Akaweka kidole ndani ya zege la zamani, na kidole kikaingia. Palikuwa na matundu kama sega la nyuki. "Huyu aliyejenga, boksi lake lilikuwa la mbao. Boksi ni lile sanduku ya kushika konkriti ikiwa bado maji. Mbao zikakauka, zikaachana. Uji wa simiti ukatoka kwa nyufa, kokoto ikabaki peke yake. Ni kama mahindi na maharagwe yaliyokosa mchuzi. Maji ya mvua yameingia hapa tangu zamani."

"Sasa wewe utafanya nini?"

"Mimi nataka boksi ya plaiwudi. Ni pana, haina nyufa. Uji hautatoroka."

"Unaijua plaiwudi?"

Fundi akakuna shingo. "Naijua ya kabati. Naijua ya dari. Ya boksi nimeiona Kisumu, sijaifanya na mkono yangu. Lakini mama, hata wewe kabla ya chapati ya kwanza, ulikuwa umeona tu."

"Chapati yangu ya kwanza nilimpa mbwa."

Alicheka, fundi yule, mpaka nyundo ikamtoka. Kisha akawa makini. Alituambia kwamba zege bichi ni zito kuliko tunavyodhani, na kwamba uzito wote husukuma chini na pembeni, kama maziwa kwenye kibuyu. Plaiwudi nyembamba itafura tumbo, na nguzo itaota kitambi. Na ikiwa gundi inayoshika matabaka yake inaogopa maji, itafunguka wakati zege bado ni laini, boksi litapasuka, kila kitu kitamwagika chini. "Hapo," akasema, "tutakuwa tumemjengea Haji stoo yake."

Mama hakucheka safari hii. Alivua aproni. "Nitaichagua mwenyewe," akasema.

*

Tulianza kwa Haji, kwa kuwa alikuwa jirani. Alikuwa na plaiwudi ya dari, nyembamba, inayopinda ukiitazama. Mama akaomba kipande, Haji akakata bila swali. Kisha dereva mmoja aliyekuwa mteja wetu akatubeba kwenye kibanda cha lori lake hadi Malaba, ambako vitu vya ng'ambo vilikuwa vikiuzwa karibu na reli: mabati yaliyokwisha kutumika, matairi, vitambaa, vikombe vya kiwanda ambacho hakikuwa kikitengeneza vikombe tena.

Kuna desturi moja ya soko letu la mpakani ambayo sikuwahi kuifikiria mpaka siku hiyo. Hakuna anayenunua kitu bila kuonja. Mahindi unatafuna punje usikie kama yamekauka. Maharagwe unang'ata. Muwa unavunjiwa pingili ya mwisho. Hata chumvi ya magunia, mtu mzima huilamba kwenye kiganja akafumba macho. Muuzaji akikataa kuonjesha, watu hupita. Lakini sikuwa nimeona mtu akitaka kuonja ubao.

Muuzaji wa plaiwudi alikuwa mtu mnene kutoka ng'ambo, amevaa koti juu ya kanzu, mchangamfu, akimwita mama kwa heshima ya kwao.

"Nyabo, karibu! Hii ni ya kujenga meli."

"Meli ya wapi? Malaba ina bahari?"

"Ziwa si liko? Nyabo, usiangalie sura, angalia ubavu. Unaona mistari hii myeusi katikati ya mbao? Hiyo ni gundi nyeusi. Gundi nyeusi haiogopi maji. Nyeupe ndiyo mwoga."

Hilo hata fundi alikuwa ametuambia: tafuteni gundi nyeusi. Mama akapitisha kidole ubavuni mwa ule ubao. Mistari ilikuwa myeusi kweli, myeusi tii.

"Nionjeshe," mama akasema.

"Eeh?"

"Nikatie kipande."

"Nyabo, utakula plaiwudi?" Akageukia wenzake. "Huyu mama wa Kenya ana njaa!"

"Mahindi yako ninaonja. Chumvi yako ninaonja. Hii itakuja kushika nyumba juu ya vichwa vya watu, nisionje? Kata."

Wenzake wakacheka, lakini walimcheka yeye, si mama, kwa sababu kwa desturi ya soko mama alikuwa na haki. Muuzaji akachukua msumeno, akakata pembe ndogo kwa kinyongo. Jirani yake, asitake kuonekana mchoyo, naye akatukatia kipande cha plaiwudi yake: nene, nyeupe, nzuri mno, yenye mawimbi ya mti usoni kama maji ya ziwa yaliyoguswa na upepo. Niliipenda ile mara moja. Nilimwambia mama hivyo.

"Ni nzuri," mama akakubali. "Tutaona."

Alifunga vile vipande kwenye pembe ya leso yake, kama mtu anayebeba mbegu.

*

Asubuhi iliyofuata aliinjika sufuria kuukuu, ile ya kuoshea vyombo, akaijaza maji, akavitumbukiza vipande vyote vitatu. Sikumwuliza sababu. Ni mpishi, kitu ambacho hakijapita motoni, kwake, bado hakijasema kitu. Lakini fundi aliuliza.

"Kitu kikikubali maji ya moto," mama akamjibu, "maji ya simiti yatakifanya nini?"

Habari zikaenea mabenchini.

"Mama, leo supu ni ya nini?" akauliza utingo mmoja.

"Ya kabati."

"Niwekee na mfupa!"

"Mfupa ni mlango wake. Subiri uive."

Plaiwudi ya dari haikuchukua muda. Ilifunguka kama kitunguu, tabaka kwa tabaka, na matabaka yakaelea juu ya maji yakiwa yamejikunja. Ile nyeupe nzuri ilivumilia zaidi. Nikaanza kuitetea moyoni. Kisha ukingo wake ukaanza kupanuka, polepole, kama kitabu kilichonyeshewa, na mawimbi yale mazuri ya usoni yakainuka yakaachana na mwili wake. Niliona huzuni ya kijinga, kama vile mtu niliyemwamini amesema uongo mdogo mbele ya watu.

Kilibaki kile cha gundi nyeusi. Maji yalikuwa yamegeuka rangi, yakawa ya kahawia, kisha mekundu yenye kung'aa. Mama aliinamia sufuria. Akavuta pumzi. Akachovya ncha ya kijiko, akasubiri ipoe, akailamba.

"Fundi," akaita. "Njoo."

"Nini, mama?"

"Hii ni chai."

Yule utingo akainuka kuja kuchungulia.

"Ni chai ya rangi," mama akasema. "Imekolea. Haina sukari. Nimepika chai maisha yangu yote, mtu wa Malaba atanidanganya na chai?"

Akakitoa kipande kwa mwiko. Mistari myeusi ilikuwa imetoweka. Kipande kilijigawa katikati chenyewe, na kwenye uso wa ndani paligandamana karatasi ya fedha, vipande vidogo vinavyometameta. Zilikuwa mbao za masanduku ya majani ya chai, nyembamba, zimegandishwa mbili mbili kwa uji wa ngano, kisha ukingo ukapakwa chai nzito iliyochemshwa mpaka ikawa wino. Nadhani hata majani hayo aliyakung'uta kutoka kwenye masanduku yenyewe.

Watu walicheka hadi mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Fundi alipiga magoti yake kwa viganja. Mama naye alicheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa leso. Halafu niliona kicheko kikimwacha. Kilimtoka usoni taratibu, na chini yake pakabaki uso mwingine ambao sikuwa nimeuzoea. Aliketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Vipande vitatu, na vyote vitatu vimefunguka. Mwisho wa mwezi haukuwa mbali. Miti ya mikaratusi haingeweza kuibeba veranda milele. Lori moja likiigusa, kwisha.

"Si ningerudi kwenye mbao tu?" fundi akauliza kwa sauti ndogo. "Nizibe nyufa na karatasi ya simiti?"

Mama alinyanyua kichwa. Alikuwa akitazama mlango wa duka la Haji.

*

Haji alikuwa amevutwa na kelele. Alikuja akachungulia sufuria, mikono nyuma.

"Kumbe mnachemsha," akasema.

"Haji," mama akasema bila kuinuka, "zile plaiwudi mbili zilizolala sakafuni kwako, chini ya magunia ya simiti."

"Zile si za kuuza."

"Zimelala hapo tangu nije. Mvua ikinyesha maji hupita chini ya mlango wako, yanazilowesha, yanaondoka. Nimekuja kununua misumari kwako nimezikanyaga. Hazijawahi kufunguka."

"Mama, zile ndizo zinazozuia unyevu. Nikizitoa, simiti yangu itaganda ndani ya magunia."

"Najua."

Kila mtu aliyekuwapo alielewa. Haji alitaka stoo. Alisema wazi mbele yetu, na halikuwa kosa kutaka stoo. Nguzo ikishindwa angeipata. Mama alikuwa akimwomba atoe kwa mkono wake kitu kitakachomnyima. Nimefikiria mara nyingi juu ya uso wa mzee yule wakati huo. Haukuwa uso wa mtu mbaya anayejaribiwa wala wa mtu mwema anayetoa. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu nafasi ndani ya duka lake, gunia hili liende wapi, lile liende wapi, na ambaye katikati ya hesabu hiyo anagundua kuwa anatazamwa.

Aligeuka akaondoka. Fundi akapumua. "Basi, mbao," akasema.

Lakini tulisikia msumeno. Haji akarudi na kipande kisichozidi kiganja, chakavu, kimepauka kwa vumbi la simiti. Akakitumbukiza kwenye sufuria yeye mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akaagiza chai.

"Ilikuja imefunga mashine ya kuchambua pamba," akatuambia. "Baba yangu alitaka kuichoma kuni. Mimi nikasema hapana."

Kipande kilichemka. Mama alibadilisha kuni. Watu wa chakula cha mchana walikuja wakala wakaondoka, na bado kilichemka, kikigongagonga ukingo wa sufuria. Kilipotolewa kilikuwa kizito kwa maji, cheusi, kinafuka mvuke. Fundi aliweka ncha ya kisu kwenye mstari wa gundi akasukuma. Kisu kilipinda. Akasukuma tena, akatumia nyundo, na kilichovunjika ni mti. Gundi ilibaki imeshika.

Hakuna aliyeshangilia. Fundi alimpa Haji kile kipande, naye akakishika huku kinamwunguza, akikihamisha kutoka mkono huu hadi ule.

"Nitawapa moja," akasema. "Moja inatosha nguzo moja. Kateni kwa kukingama, upana wake unalingana kabisa na kimo cha jeraha. Nyingine ibaki na simiti yangu."

Fundi akapima, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, inalingana. Alikuwa tayari amechukua penseli ya sikioni. Ubao ule ulikuwa umemegeka pembe moja. Ukiukata kwa kukingama, pande zote nne za boksi zingetoka humo. Ukifuata urefu wa nyuzi za mti, zingetoka tatu tu.

"Ngoja," mama akasema.

Akaokota mikanda miwili myembamba ambayo fundi alikuwa ameikata kunyoosha ile pembe iliyomegeka, mmoja nyuzi zake zikienda kwa urefu, mwingine zikikingama. Akaweka matofali mawili chini, akalaza mkanda wa kwanza juu yake kama daraja. Akavua kandambili, akaukanyaga. Haukupinda. Akaulaza wa pili. Akaukanyaga, ukabonyea chini yake kama kitanda cha kamba.

"Haji, njoo wewe pia."

"Mimi mzee, mama."

"Ndiyo maana. Wewe ni mwepesi, hutanisingizia unene."

Haji akavua makubazi, akashika bega la fundi, akapanda. Mkanda ukabonyea. Akashuka, akapanda ule mwingine, akasimama wima. Akakaa juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mzee wa watu, kofia yake nyeupe ikiwa sawasawa, madereva wakimtazama.

"Boksi litabanwa kwa mbao za kukingama, kama mishipi," fundi akasema polepole, akifikiri kwa sauti. "Katikati ya mshipi na mshipi plaiwudi itakuwa peke yake. Nyuzi zikisimama, itashika. Zikilala, itafura." Akamtazama mama. "Mama, ningekata vibaya."

"Sote tungekata," Haji akasema. Akashuka. "Chukueni zote mbili. Lakini mje mniinulie magunia. Mgongo wangu si wa serikali."

*

Boksi lilipokamilika lilionekana kama jeneza la mtu mwembamba aliyekataa kulala. Fundi alitaka kupaka oili chafu ya malori ndani yake ili zege lisigande na ubao, lakini mama alikataa harufu hiyo mkahawani, akampa mafuta yaliyobaki kwenye karai ya maandazi. Kwa hiyo nguzo yetu ilimwagwa ikinukia maandazi. Juu kabisa, upande mmoja, fundi aliacha mdomo uliotokeza nje, kama mdomo wa birika. Humo ndimo zege liliingizwa, karai kwa karai, huku yeye akilichoma kwa chuma na mimi nikigonga boksi kwa nyundo ya mti ili hewa itoke.

Niliweka kiganja kwenye plaiwudi wakati zege likipanda. Nilisikia uzito ukija. Ubao ulikuwa ukikaza, kama tumbo la mtu anayejiandaa kuinua mzigo. Kwenye pembe moja lilitokea tone la maji, moja tu, safi, bila uji. Likabaki hapo halianguki. Hakuna kilichofura. Mama alilizunguka boksi akilitazama kila upande, akageuka akaenda kukanda unga.

Siku zile za kungoja zilikuwa za ajabu kwangu. Niliomba ruhusa shuleni, nikakaa. Kila asubuhi tulimwagia maji magunia yaliyofunikwa juu ya boksi, ili zege likauke taratibu. Wateja walizoea kuegemea pale. Nilikuwa nikitamani kuandika wakati huo, bila kujua nini, na nilitazama lile boksi nikifikiri juu ya vitu vinavyoshikilia kwa muda tu. Mtu akipita barabarani miaka baadaye ataona nguzo. Hataona ubao uliobeba nguzo wakati nguzo ilikuwa uji. Nilimtazama mama akigeuza chapati kwa vidole, moto usimfanye kitu, nikajua kwamba sijawahi kumwuliza ni nani aliyemshikilia yeye alipokuwa bado laini. Nilitaka kumwuliza siku hiyo. Palikuwa na wateja wengi.

Fundi alipofungua boksi, plaiwudi iliachia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeondoa mdomo kwenye kikombe. Nguzo ilikuwa ya kijivu, baridi, laini. Ukiweka shavu karibu uliona nyuzi za mti zimechapika juu yake, zote zikipanda. Fundi akaipiga kwa nyundo kutoka chini hadi juu. Ililia vilevile kila mahali, sauti nzito, iliyojaa.

Inspekta alirudi na viatu vyake safi. Naye aligonga, akapiga goti, akatazama.

"Nguzo ni nzuri," akasema. "Lakini naona bado miti ndiyo imebeba. Itoeni, nione."

Kwa mafundi wa kwetu, miti ikitolewa, mwenye kazi husimama chini ya kazi yake. Haijaandikwa popote, lakini fundi anayesimama pembeni hapewi kazi tena. Fundi wetu alivaa kofia yake, akaenda akasimama chini ya paa. Hakuwa akipiga mluzi.

"Toka hapo," mama akamwambia. "Wewe uligonga misumari. Plaiwudi nilichagua mimi."

"Mama, hii ni desturi ya fundi."

"Desturi inasema asimame nani?"

"Mwenye kazi."

"Basi. Chukua nyundo utoe miti yako."

Akaweka kigoda palepale kati ya nguzo na ukuta, akaketi, akapakata ungo wa maharagwe akaanza kuchambua. Nikaenda nikachuchumaa kando yake. Alinisukuma kwa kiwiko bila kuinua macho.

"Watoto wa Matayos watafundishwa na nani? Toka."

Nikatoka. Nilisimama juani pamoja na madereva, na Haji alisimama mlangoni mwake, ameshika fremu kwa mkono mmoja. Fundi akapiga kabari ya mti wa kwanza. Mti ukalegea, ukaondolewa. Wa pili. Kila mmoja ulipotoka, paa lilionekana kubwa zaidi na mama mdogo zaidi. Mti wa mwisho uligoma. Fundi aliupiga mara kadhaa, kisha ukateleza wote kwa mpigo ukaanguka sakafuni kwa kishindo, na zege likatoa mlio mmoja mfupi, juu, ndani kabisa, uzito ukikaa mahali pake.

Vumbi likashuka. Likatua kwenye nywele za mama na kwenye ungo. Hakuna kingine kilichoshuka.

Mama akapuliza maharagwe. "Fundi," akasema, "umenitilia mchanga."

Inspekta aliingia chini ya paa, akatembea kutoka nguzo hii hadi ile, akatazama juu. "Veranda ibaki," akasema. Haji akaachia fremu ya mlango, akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani kwa magunia yake. Madereva wakaanza kurudisha mabenchi, wakipiga kelele, mmoja akiita chai. Mama hakuinuka. Ndipo niliposikia maharagwe yakigongana polepole kwenye ungo aliopakata. Aliendelea kuchambua, moja moja, mpaka yakatulia. Kisha akainuka akaenda kuyateleka.